Betri ya kamera huhesabu muda, si picha: safari ya hifadhini huanzia Kariakoo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saa 11:40 jioni, ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi, simba jike aliyekuwa amelala chini ya mti kwa zaidi ya saa mbili aliinuka, akajinyoosha, akaunguruma kwa sauti ya chini. Watoto watatu wakatoka kwenye nyasi na kumfuata barabarani, jua likiwa nyuma yao. Ndani ya gari walikuwamo wapiga picha wanne waliotoka Dar es Salaam alfajiri ya siku hiyo. Watatu walipiga picha. Wa nne, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, aliinua kamera na kukuta imezimika. Alibadilisha betri haraka. Ile ya akiba, iliyonunuliwa katika duka moja la Kariakoo siku mbili kabla, ilionesha kuwa imejaa, ikapiga picha sita, kisha skrini ikawa nyeusi. Simba wakavuka na kupotea upande wa pili wa barabara.

Betri hizo mbili zilizimika kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ilikuwa halisi na nzima, ila ilimalizwa na kusubiri. Ya pili haikuwa kile kilichoandikwa juu yake. Kwa kuwa Watanzania wengi zaidi sasa wanatembelea hifadhi zao, na vijana kadhaa wa jijini wamefanya upigaji picha za wanyamapori kuwa kazi ya kuwaingizia kipato, ni vyema mambo haya mawili yakaelezwa kwa kina. Kiingilio, mafuta na ukodishaji wa gari hulipwa kwa fedha zilizowekwa akiba kwa miezi, na mnyama harudii tendo lake kwa sababu kamera haikuwa tayari.

Tuanze na kusubiri. Kila kamera huuzwa ikiwa na takwimu ya idadi ya picha zinazoweza kupigwa kwa chaji moja. Takwimu hiyo hupatikana kwa utaratibu uliowekwa na CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani. Kwa utaratibu huo, kamera hupiga picha moja kila baada ya sekunde 30, na baada ya kila picha 10 huzimwa na kuwashwa tena, hadi betri iishe. Mnunuzi anaposoma kwamba kamera yake inatoa picha 330 huona ni chache na kuingiwa na hofu. Hata hivyo, ukizidisha picha 330 kwa nusu dakika unapata dakika 165, yaani saa mbili na dakika 45. Hiyo ndiyo habari yenye manufaa ndani ya takwimu ile, kwamba kamera hiyo hukaa macho kwa muda usiofika saa tatu, upige picha au usipige.

Mfano mzuri ni kamera mbili za kampuni ya Nikon. D850, iliyotoka mwaka 2017, imepimwa kwa picha 1,840 kwa chaji moja. Z7, iliyotoka mwaka uliofuata, imepimwa kwa picha 330. Zote mbili hutumia betri za familia moja, zenye uwezo unaokaribiana sana. Tofauti iko katika namna mpiga picha anavyotazama. Katika D850, taswira hufika jichoni kupitia lenzi, kioo cha ndani na prizimu. Ni mwanga tu, na mwanga hauli umeme. Katika Z7 na kamera nyingine zisizo na kioo, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi siku hizi, kile unachokiona kwenye kidirisha ni skrini ndogo inayofanya kazi bila kupumzika, huku kihisi cha picha na kichakataji vikiilisha taswira mfululizo. Kutazama peke yake kunagharimu.

Kwa upande mwingine, kupiga picha zenyewe hakugharimu kama wengi wanavyodhani. Kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde humaliza zile picha 330 kwa nusu dakika tu, na betri ikabaki na sehemu kubwa ya chaji yake. Mpiga picha anayekutana na duma akikimbia anaweza kurudi kambini na picha zaidi ya 1,000 kutoka betri moja. Yule aliyekaa saa tatu akimkodolea macho chui aliyelala juu ya mti, kamera ikiwa imewaka muda wote, anaweza kurudi na picha 20 na betri mbili tupu. Ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba mtu apunguze kupiga picha ili kutunza betri unabana mahali ambapo hakuna cha kubana.

Kinachopaswa kubanwa ni muda wa kamera kukaa macho. Njia nyepesi ni kuweka mpangilio wa kamera kujilaza yenyewe baada ya nusu dakika au dakika moja isipoguswa. Kubonyeza nusu kitufe cha kupigia picha huiamsha kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko ule wa kuinua lenzi nzito hadi jichoni. Kuzima kabisa kwa swichi kila mara kuna hatari yake, kwani ni rahisi kusahau kuiwasha tena wakati mnyama ameshaanza kukimbia. Kuilaza kunatosha.

Hapo ndipo kosa la Mikumi lilipojificha. Kamera ilikuwa imewekewa mpangilio huo wa kujilaza, lakini ilikuwa imepakatwa mapajani na kufunikwa kanga ili kuikinga na vumbi la barabarani. Kando ya kidirisha cha kutazamia cha kamera hizi kuna kihisi kidogo kinachotambua kuwa jicho limesogea. Kihisi hicho hakijui tofauti kati ya uso wa mtu na kitambaa. Kanga ilipokigusa kiliona kuna mtu anatazama, kikawasha kidirisha. Gari lilipotikisika, kitambaa kikabonyeza kitufe na kuzuia kamera isilale. Kwa saa mbili kamera ilifanya kazi kwa nguvu zake zote ikimwonesha kanga picha ya giza. Tangu siku hiyo, kamera inayofunikwa huzimwa kwanza. Hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo swichi inastahili kutumika, na lenzi kubwa isiyofunikwa hulazwa kidirisha kikitazama hewani.

Yapo matumizi mengine madogo yanayojumlishwa. Mawasiliano ya kamera na simu kwa bluetooth au wi-fi hula umeme kimyakimya, na baadhi ya kamera huendelea kuitafuta simu hata zikiwa zimezimwa; katikati ya hifadhi hakuna wa kumtumia picha hizo papo hapo, hivyo yafungwe kabla ya kupita lango. Kupitia picha zilizopigwa kwenye skrini ya nyuma ni starehe inayoweza kusubiri jioni. Mfumo wa kuzuia mtikisiko unaweza kuzimwa lenzi inapolala juu ya mfuko wa mchele dirishani mwa gari, ingawa akiba yake ni ndogo, na anayeshika kamera kwa mkono asithubutu kuuzima kwa ajili ya betri. Video ni habari nyingine kabisa. Kwa kamera nyingi zisizo na kioo, betri moja hutoa kati ya saa moja na saa mbili za kurekodi. Anayekusudia video abebe betri za ziada kwa ajili ya kazi hiyo peke yake.

Kwa siku ya saa 12, kuanzia lango linapofunguliwa hadi jua linapozama, betri tatu nzima humtosha mtu anayeilaza kamera yake vizuri. Sharti ni hilo neno nzima, nalo ndilo linalotupeleka Kariakoo.

Eneo hili, ambalo jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndilo linalohudumia sehemu kubwa ya nchi kwa vifaa vya kielektroniki. Mteja anayeshuka Msimbazi na kuuliza betri ya kamera hukutana kwanza na winga, kijana anayejua kila fremu yenye bidhaa hiyo na atakayempeleka moja kwa moja. Hakuna ubaya katika huduma hiyo. Tatizo ni kwamba ndani ya fremu moja mteja anaweza kuwekewa mezani betri za aina tatu zinazofanana kwa macho, na bei zake zikatofautiana mara tatu au nne.

Aina ya kwanza ni betri halisi ya kampuni iliyotengeneza kamera. Ya pili ni betri ya kampuni nyingine inayotumia jina lake yenyewe na kueleza wazi kuwa inafaa kwa kamera fulani. Hii ni biashara halali, na zipo za aina hiyo zinazofanya kazi vizuri. Ya tatu ni betri bandia, iliyochapwa jina na nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza. Kuuza bidhaa ya aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na chombo kinachosimamia udhibiti wake ni Tume ya Ushindani (FCC), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Mnunuzi anayeshuku kuwa ameuziwa bandia anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume hiyo. Atakachoulizwa mwanzo ni ushahidi wa ununuzi, na hapo risiti ya mashine ya EFD, ambayo wengi huiacha mezani kwa kuahidiwa punguzo dogo, huonesha thamani yake.

Je, betri bandia hukosa nini? Kwa nje, kidogo sana. Ndani ya betri ya kawaida ya kamera kubwa mna seli mbili za lithiamu zilizounganishwa, kwa jumla ya volti 7.2 hivi, pamoja na kibao kidogo cha elektroniki kinacholinda seli hizo zisijazwe kupita kiasi na kuiarifu kamera kiwango cha chaji. Mtengenezaji wa bandia hubana katika vyote viwili. Seli huwa ndogo au zilizokwishatumika kwenye vifaa vingine, na kibao huwa cha kubahatisha.

Seli iliyochoka ina tabia ya kudanganya. Ikiwa imetulia, volti zake hupanda na kuonekana sawa na za seli nzima, na kamera ikisoma volti hizo huonesha alama ya kujaa. Lakini mota ya kulenga inapoanza kusukuma vioo vizito vya lenzi na kichakataji kikaanza kuhifadhi picha, umeme mwingi huhitajika kwa mara moja. Seli dhaifu haiwezi kuutoa. Volti zake huporomoka ghafla na kamera hujizima ili kujilinda. Ukiiacha dakika chache, volti hupanda tena na kamera huwaka ikionesha chaji ileile ya kwanza. Ndiyo maana wauzaji na wanunuzi hubishana kaunteri kila mmoja akiamini anasema kweli, maana pale dukani, ikiwa imetulia, betri kweli inaonesha imejaa.

Maandishi ya juu ya betri husaidia kwa mwenye kujua kuyasoma. Betri ya Canon aina ya LP-E6NH imeandikwa 2,130 mAh, na ya Sony aina ya NP-FZ100 imeandikwa 2,280 mAh. Mnunuzi akikuta betri ya umbo na ukubwa uleule imeandikwa 3,000 au zaidi, na bei yake ni robo ya ile halisi, ajiulize jinsi uwezo huo ulivyopatikana. Uzito nao ni shahidi mwaminifu. Betri halisi za ukubwa huu huwa na gramu 80 hivi, na kwa Kariakoo mizani ya sonara haiko mbali. Iliyozima Mikumi ilipowekwa kwenye mizani hiyo ilikosa gramu 20.

Kipimo kinachoshinda vyote ni kuitumia. Katika maduka mengi kuna tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hivyo makubaliano ya kuijaribu na kuirudisha yafanywe kabla ya kulipa na yaandikwe nyuma ya risiti. Kisha betri ijazwe, na asubuhi yake mtu aende nayo mahali penye viumbe wa kupigwa picha kwa saa kadhaa bila malipo. Dar es Salaam haikosi mahali hapo. Kunguru wa soko la samaki la Feri hawamwogopi mtu, hurukia vichwa vya samaki wakati wote na hulazimisha kamera kulenga bila kupumzika. (Feri iko jirani na Ikulu, lenzi ndefu ielekee baharini.) Weka kamera ile usingizi wake wa dakika moja, piga kama utakavyopiga hifadhini, andika saa ya kuanza na ya kuzimika. Betri yenye afya itavuka saa mbili za kamera kuwa macho. Inayozimika ndani ya dakika 40 irudishwe dukani siku hiyohiyo.

Aidha, wapo wauzaji wanaomwambia mteja kuwa betri mpya ni lazima ichajiwe kwa saa nane kabla ya kutumika na imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa tena. Masharti hayo yalihusu betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu haihitaji kulazwa kwenye chaja ikishajaa, na kuimaliza hadi sifuri kila mara huifupishia maisha. Inayowekwa kabatini kwa miezi ikae na chaji ya nusu hivi, ijazwe usiku wa kuamkia safari.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi katika ukanda wetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 283, na betri nyingi husafiri juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, mahali ambapo jua la mchana huweza kupandisha joto kupita nyuzi 50. Haizimiki siku hiyo, lakini kila safari ya namna hiyo huipunguzia kidogo uwezo wa kushika chaji, na baada ya mwaka mwenye nayo huanza kulaumu kiwanda. Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa kitambaa, panatosha. Kuiweka kwenye kikapu cha barafu pamoja na soda, kama wengine wafanyavyo, huleta unyevu katika sehemu za chuma za kupitishia umeme. Kwa anayepanda Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, shida hugeuka. Baridi huidhoofisha betri kwa muda, na iliyoonekana imekufa kileleni huweza kufufuka ikikaa saa moja katika mfuko wa ndani wa koti.

Jioni kambini huja hesabu nyingine. Chaja ya kawaida yenye nafasi moja huchukua takriban saa mbili na nusu kujaza betri moja, hivyo betri tatu zinahitaji zaidi ya saa saba. Katika kambi ambayo jenereta huwashwa saa 12:30 jioni na kuzimwa saa 4 usiku kuna saa tatu na nusu tu za umeme, na soketi zake zinagombewa na simu za wageni wote. Mwenye chaja ya nafasi mbili ameshapunguza tatizo kwa nusu. Nusu nyingine humalizwa ndani ya gari, kwa kuanza kuchaji betri ya kwanza tangu saa 5 asubuhi inapoisha, badala ya kusubiri jioni. Madereva wengine hukataa wakihofia betri ya gari. Betri ya kamera huhifadhi wati-saa 16. Ya gari huhifadhi mamia. Kinachoweza kulifanya gari lishindwe kuwaka asubuhi ni jokofu lililoachwa likifanya kazi usiku kucha. Jambo la kuuliza ni kama soketi ya gari hilo hufanya kazi injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa mbele ya wanyama injini huzimwa kwa saa nyingi.

Kamera zinazochajiwa kwa waya wa USB-C zimeleta msaada wa pawabenki. Iliyoandikwa 20,000 mAh ina wati-saa 74 (mAh hizo huhesabiwa kwa volti 3.7), na baada ya upotevu wa njiani hujaza betri ya kamera mara tatu hivi. Kariakoo zipo pia zilizoandikwa 50,000 mAh na kutosha kiganjani. Kwa maandishi hayo, kifaa hicho kingekuwa na wati-saa 185, ambacho hakiruhusiwi kwa abiria wa ndege. Mwenye nacho amebaki na mambo mawili ya kuchagua, akiri kuwa maandishi ni ya uongo au akiache uwanjani.

Kanuni za usafiri wa anga ziko wazi kwa wanaoruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere kuelekea Hifadhi ya Taifa Nyerere au kanda ya kaskazini. Betri za akiba na pawabenki hubebwa katika mzigo wa mkononi, kamwe si katika mzigo unaokabidhiwa. Zisizozidi wati-saa 100 hazihitaji kibali. Kati ya 100 na 160 ni kwa idhini ya shirika la ndege, na zisizidi mbili. Zaidi ya hapo hazibebwi. Kila moja ifunikwe sehemu zake za chuma kwa kifuniko chake au kwa gundi ya karatasi, kwa maana sarafu au ufunguo ukigusa pande zote mbili huweza kuwasha moto. Katika ndege ndogo zinazotua Mtemere, mzigo wa mkononi uko hatua chache kutoka kwa rubani, na hapo betri bandia isiyo na kibao cha ulinzi ni hatari kwa kila aliyemo ndani.

Betri iliyovimba isisukumwe kwa nguvu ndani ya kamera, isichajiwe, isitobolewe. Isitupwe pia katika pipa la taka za nyumbani, bali ikabidhiwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Ile ya Mikumi ilivimba mwezi wa tatu tangu kununuliwa, ikiwa kabatini, bila kuguswa na mtu.